Damu Inaingia Nyumba ya Nani

Mkunga hakuwa na desturi ya kumkaribisha mtu kiti. Pwani hii yetu, ambako hata mliyegombana naye jana akibisha hodi leo huvutiwa kiti kabla hajamaliza salamu, yeye alikusimamisha palepale mlangoni, mkono kiunoni, akakwambia, "Sema kwanza. Kiti baadaye." Ukishasema lililokuleta, naye akaridhika kwamba ndilo lenyewe, ndipo aliposogeza kigoda na kuagiza chai. Asiporidhika, ulimaliza maneno yako wima na ukaenda zako wima. Watu wa Mjambere walimsema sana kwa hilo. Kuna waliosema ni kiburi, na kuna waliosema ni baridi ya hospitali imemwingia. Yeye alisema alijifunza kwa wanawake wenye uchungu: "Mtu akikaa huanza kupamba. Akiwa wima, miguu yamuuma, husema kweli apate kupumzika."

Mimi nilisimama mbele yake miaka sita. Si kwa kushinda pale, maana nina kazi na nina nyumba yangu Changamwe, lakini kila nilipokutana naye nilipokea nilichopewa, nikasema "Nina haraka, Mama," nikageuka kabla hajafungua kinywa. Kulikuwa na neno moja nililopaswa kumwambia na sikumwambia. Nitalifikia. Nikilianza sasa hivi nitalikimbia tena, najijua.

Kazi yangu ni panya. Marehemu baba alikuwa mtu wa bandarini, akiua panya katika mabohari ya nafaka, na kwa kazi hiyo akanisomesha mpaka nikaajiriwa kuwalisha. Alicheka siku nilipomwambia, akacheka tena siku ya pili yake. Maabara yetu ni jengo la ghorofa moja upande wa Shanzu, nyuma ya mahoteli, na wapitao hudhani ni dobi la hoteli. Ndani kuna chumba ambacho hewa yake huchujwa, na katika chumba hicho kuna vizimba vya panya wadogo weupe waliozaliwa bila kinga ya mwili. Chafya yako moja yaweza kuwamaliza. Lakini kwa kuwa hawana kinga ya kumkataa mgeni, ukiwadunga seli mama za damu ya mtu, zile zinazokaa ndani ya uboho na kuzaa damu maisha yote, huzipokea. Baada ya wiki kadhaa unampima panya unakuta chembe za mtu zinatembea ndani yake. Wakubwa wetu wana jina refu la Kizungu kwa wanyama hao. Sisi tuliwaita panya-watu.

Seli hizo zinapatikana katika kitu ambacho hospitali nyingi hukitupa, yaani damu inayobaki kwenye kitovu na kwenye zalio, lile kondo la nyuma, mtoto akishatenganishwa na mamake. Nasema hutupa, lakini hiyo ni lugha ya maabara. Kisauni zalio halitupwi. Hufungwa kwa kitambaa, likachukuliwa nyumbani, likazikwa uani, na mtoto akikua huambiwa kitovu chako kiko hapa. Kwa hiyo tulipotaka damu ile ilitubidi tumpate mtu ambaye wanawake wangemwamini aichukue na awarudishie zalio lao kamili. Tulimpata Mkunga. Alikuwa mkuu wa wodi ya kujifungulia katika zahanati moja ndogo ya Mjambere, na nusu ya watoto wa mtaa ule walipokewa kwa mikono yake.

Nianze na miguu yake, maana ndiyo niliyoiona kwanza. Haikutulia. Alikula amesimama, aliandika amesimama, alisali sunna zake upesi kuliko mtu yeyote niliyemjua kisha akajilaumu kwa upesi huo. Ndara zake zililika kisigino cha kulia kabla ya cha kushoto, kwa kuwa ndicho alichokuwa akigeukia. Damu ya kitovu haikai sana; lazima ifikishwe na ichujwe siku hiyohiyo. Wenzake wangemkabidhi dereva kisanduku cha barafu. Yeye alikuja nacho mwenyewe kwa tuktuk, amekikumbatia, amekaa ukingoni mwa kiti, na ilikuwa kawaida yake kuteremka kabla tuktuk haijasimama sawasawa. "Damu haingoji," alisema, "na mimi singoji." Nami nilikuwa msichana wa kuhangaika vilevile, nikitafuna kucha na kuangalia saa kila mara, na tukikutana pale mlangoni tulikuwa kama kuku wawili walioona mwewe.

Ulimi wake ulikuwa wa namna yake. Kila mama aliyetoa damu alitakiwa kusomewa karatasi ya idhini, na karatasi ilisema damu itatumika "kwa ajili ya utafiti wa kitabibu". Mkunga aliisoma yote, neno kwa neno, kisha akaikunja na kusema, "Hayo ni ya karatasi. Sasa nisikize. Damu hii yatiwa panya." Wakubwa walimwita wakamwomba asiseme panya. Nilikuwepo. Alisimama, wao wamekaa, akawauliza, "Mwataka nimwambieje? Utafiti? Utafiti ni nani, akaa wapi? Mtu akikupa damu yake, mwambie yaingia nyumba ya nani." Wakamwambia wanawake watakataa. Akasema watakaokataa wana haki yao.

Walikataa wengine, kweli. Mmoja alipiga mayowe na kutema mate chini. Lakini wengi walicheka, na aliyecheka aghalabu alikubali. Kulikuwa na baba mmoja, mpishi wa hoteli huko Shanzu, aliyeuliza kwa wasiwasi wote, "Sasa huyo panya atakuwa nduguye mwanangu?"

"Nduguye kwa lipi?" Mkunga alimjibu. "Damu ya mwanao ni mpangaji tu. Mwenye nyumba ni panya."

Yule baba aliridhika, akaenda kuwaambia jamaa zake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa utamu. Wanawake wa Mjambere walianza kuwahesabu panya kuwa watu wao. Nikipita kununua mahamri nilisikia nyuma yangu, "Wewe wa maabara! Panya wangu hajambo?" Mwingine alinipa salamu nimfikishie wake. Mwingine alitaka kujua kama wake ananenepa, maana mtoto hanenepi. Sikujua panya wa nani ni yupi, na sikutakiwa kujua. Kila chupa ilikuja na nambari, na orodha ya majina ilikuwa kwa Mkunga peke yake. Ningewaeleza hivyo. Lakini mahamri yalikuwa moto na mimi nina haraka, basi nilijibu, "Hajambo! Amenenepa!" nikapita. Wakafurahi. Hapo ndipo ulimi wangu ulipozoea wepesi, na sikuona ubaya wake wakati ule.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Mkunga mwenyewe aliwaogopa panya. Nyumbani kwake Junda alikuwa na mitego miwili, sumu, na paka asiyelishwa ili awe na bidii. Nilimwona siku moja panya buku akikatiza ukumbini, na mwanamke yule, ambaye nilisikia alishawahi kuzalisha pacha kwa tochi ya simu wodi nzima ikiwa giza, alipanda juu ya jiko la makaa. Kwa bahati lilikuwa baridi. Ila akija Shanzu aliomba kila mara apelekwe kwenye dirisha la kioo la chumba cha panya. Alisimama nyuma ya kioo, kisanduku kikiwa bado mkononi, akawasalimu kwa sauti ya chini, "Hamjambo, wana wa watu?" Kisha akageuka na kwenda zake bila kutazama nyuma.

Kulikuwa na dirisha la pili ambalo hakulisogelea. Huko walikuwa panya-watu wa virusi. Virusi vya ukimwi havimwingii panya wa kawaida, havioni mlango. Panya mwenye chembe za mtu ana mlango, kwa hiyo vinaingia, na sisi tunatazama vinajificha wapi na dawa gani inavifuata huko. Nilimweleza hayo kwa fahari ya mtu aliyesoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kumbe tumewapa damu yetu wapate maradhi yetu." Nikamwambia ndivyo, kwa faida ya watu. "Najua faida," akasema. "Wazazi wa watoto wengi niliowapokea nimewazika kwa maradhi hayo. Sisemi muache. Nasema tu msije mkasahau mwafanya nini." Nilimwambia nina haraka.

Ugomvi wake mkubwa nasi ulikuwa wa majivu. Panya akifa, au akiuawa kwa ajili ya kupimwa, huchomwa kwenye tanuri, na majivu hutupwa. Mkunga hakulala kwa hilo. Alikwenda kwa maalim wa mtaani kwao akamuuliza, panya akifa hufanywaje? Maalim akasema panya ni panya, Mama. Akarudi siku ya pili: na damu ya mtu, na nyama yake iliyokatwa? Maalim akasema kilichotoka kwa mtu huzikwa kwa heshima. Akarudi siku ya tatu: na damu ya mtu ikiwa ndani ya panya? Maalim akasema atatazama vitabuni. Toka siku hiyo, maalim akimwona Mkunga anakuja alikumbuka kuna mgonjwa wa kumzuru upande mwingine.

Basi akajitolea hukumu mwenyewe. Alikwenda kusimama mlangoni kwa mkuu wetu wa maabara, daktari mpole asiyejua kugombana, akamwambia anataka majivu. Yule bwana alimkaribisha kiti, Mkunga akakataa. Kwa kuwa mama mtu mzima amesimama, daktari naye akaona aibu kukaa. Walisimama hivyo asubuhi nzima, wakizungumza na kunyamaza, mpaka goti la daktari likasalimu amri. Majivu yaliyopita moto ule hayana mdudu wa kumdhuru mtu, kwa hiyo hakukuwa na hatari. Ikawa kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mimi nampakilia majivu kwenye mkebe wa maziwa ya unga, na yeye anayachukua Junda kuyazika kando ya ukuta, chini ya mwasumini, mahali ambapo alizika pia mazalio ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua. Hakusoma kitu. Alifukia tu, akanawa mikono.

Nimemsifu mno, na yeye hakupenda sifa. Niseme upande wa pili. Mwanamke huyu hakukosa kwenye ukumbi wa harusi hata mmoja, na bibi harusi yeyote aliyemwona alijua ataulizwa mbele ya mashoga zake: "Mumepima damu, wewe na huyo bwana?" Alikuwa na maana yake. Ugonjwa wa selimundu uko kwetu pwani. Wawili wakiwa wameubeba bila wao kujua, mtoto anaweza kuzaliwa nao kamili, chembe zake za damu zikapinda, zikaziba mishipa, mifupa ikauma mpaka mtoto akaomba afe. "Mficha uchi hazai," aliwaambia mabibi harusi, wakifunika nyuso zao kwa aibu. "Na mficha damu huzaa akajuta." Kisha binti yake mwenyewe alipoposwa na kijana mzuri wa sura, wa ukoo mzuri, na mambo yakaenda mbio, Mkunga hakumpima mtu. Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anakunja shuka, akaikunja mara mbili zaidi ya inavyotakiwa. "Mganga hajigangi," akasema, na akaishia hapo.

Mjukuu alipozaliwa alimpokea yeye. Alichukua damu ya kitovu yeye, akamrudishia bintiye zalio, akapanda tuktuk akaja. Siku hiyo kisanduku kilikuwa na chupa moja tu.

Sisi hupima kila damu kabla ya kuitumia, na tukikuta ugonjwa tunaiarifu zahanati kwa nambari, ili mtoto aanzishiwe matibabu mapema. Karatasi ya mtoto mmoja mwenye selimundu nilimpelekea mimi. Nilikuwa nimeshasahau siku ya chupa moja. Nilimpa kama nilivyompa nyingine, akiwa kati ya vitanda viwili, na mama mmoja anaguna nyuma ya pazia. Aliisoma. Akaifungua orodha yake, akaweka kidole. Hakuhitaji kuifungua, naamini, ila alitaka kidole kiwe na mahali pa kukaa.

"Nambari hii ni yangu," akasema.

Sikuelewa. Nikamwambia, "Yako vipi, Mama?"

"Ni wangu. Wa binti yangu." Kisha yule mama wa nyuma ya pazia akaita kwa sauti, na Mkunga akaitia karatasi kifuani, akavaa glovu, akaenda. Nilisikia akimwambia, "Haya mwanangu, haya, usiogope, nipo." Nilisimama pale wodini na kisanduku kitupu.

Sasa nimelifikia.

Mtaalamu wetu mmoja alikuwa akijaribu kurekebisha jeni ya selimundu. Jeni ni maandishi ya mwili. Katika ugonjwa huu pana kosa dogo mno, mahali pamoja, na yeye alikuwa na njia ya kuingia ndani ya seli na kupanyoosha. Alihitaji seli mama za mwenye ugonjwa. Tulikuwa tumezihifadhi za mjukuu kwenye baridi kali, na mamake alikuwa ametia sahihi. Zikatolewa, na Mkunga mwenyewe akijua, zikarekebishwa, zikadungwa panya, na baada ya miezi minne tukatazama. Kutazama ni hivi: panya analazwa kwa hewa ya usingizi asihisi kitu, anauawa, na uboho unatolewa ndani ya mifupa ya mapaja. Hakuna njia nyingine ya kujua kilichokaa humo. Tulikuta seli zilizorekebishwa zimekaa, hai, zinaendelea kuzaana, na chembe nyekundu zilizokuzwa kutoka kwazo zilikuwa za duara. Nilizitazama kwenye darubini mpaka macho yakauma. Nilitoka mle ndani natafuta wa kumwambia.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa yeye, mlangoni, na kisanduku. "Vipi wale?" akauliza. Hakuwataja, na hakukuwa na haja.

"Wamepona, Mama!"

"Wamepona?"

"Wamepona kabisa!"

Alikiweka kisanduku chini, sakafuni. Sikuwahi kumwona akiweka damu ya mtu sakafuni. "Na mtoto, lini?"

Ningesema sijui. Ningesema kutoka kwa panya hadi kwa mtoto ni safari ndefu, pana kamati, pana nchi, pana miaka, na panya wengi walipona ambao watu wao hawakufikiwa. Niliyajua yote hayo vizuri kuliko sala zangu. Lakini nilikuwa na furaha, na ulimi wangu ulishazoea mahamri. "Karibuni," nikasema. "Karibuni, inshallah."

"Nipeleke niwaone."

"Wamehamishwa chumba," nikasema.

Alinitazama kidogo. Kisha akainama, akachukua kisanduku chake, akanipa. Ijumaa ya mwisho wa mwezi ule nilimpakilia majivu kama kawaida, nikamkabidhi mkebe, nikasema nina haraka.

Ahadi ni deni, na mimi nilikuwa mdaiwa wa kujificha. Nilibadilisha zamu ili apokelewe na wengine. Nikimwona sokoni nilipinda. Niliposikia mtoto amelazwa tena, ameongezwa damu tena, nilipeleka machungwa kwa mkono wa mtu. Mtaalamu wetu alihama. Kazi ya selimundu ikasimama, vizimba vile vikapewa panya wa virusi. Mkunga akastaafu, na zahanati ikaleta kijana msomi anayesoma karatasi ya idhini kama ilivyoandikwa na haongezi neno. Panya-watu wangu waliendelea kula na kufa na mimi niliendelea kuwalisha, na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mkono wangu ulitafuta mkebe. Miaka sita ikapita hivyo, nami sikuwahi kukaa mahali nikatulia.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Hakusalimu sana. "Mtoto aulizia panya wake," akasema. "Njoo umjibu." Nikamwambia nitakuja Jumapili. Nilikuja Jumapili ya tatu yake.

Nilimkuta barazani kwake Junda, amekaa. Sikuwahi kumwona amekaa, na nilibaki nimeduwaa pale kizingitini kama niliyekosea nyumba. Nyonga zake zimekwisha, na kando yake palikuwa na fimbo. Ndara zilikuwa mpya, visigino vyote viwili sawa. Nilimwamkia akaitika. Kigoda kilikuwepo, upande wake, na hakukigusa.

"Mama," nikasema, na mkoba bado begani, "kuhusu wale panya..."

"Si mimi niliyeuliza," akasema. "Ngoja mwenyewe."

Tukangoja. Mwasumini ulikuwa umejaa maua mpaka umeinamia ukuta. Niliangalia saa yangu, nikajiona, nikaacha. Nikamuuliza kama alijua. "Majivu ya Ijumaa ile ulinipa wewe mwenyewe," akasema. "Panya aliyepona akahamishwa chumba, na majivu ni ya nani? Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Halikuwa neno langu." Akapiga sakafu kwa fimbo, mara mbili, taratibu. "Na mimi nililipenda lile karibuni lako, mwanangu. Wallahi nililipenda. Nilimpa mtoto kama ulivyonipa. Kila akiumwa nilimwambia panya wako amepona, na wewe karibuni. Mimi, niliyewaambia wanawake wote wa Mjambere damu yao yaenda wapi." Akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Sasa ameanza kuuliza karibuni ni lini. Na mimi sina pa kusimama."

Mtoto alirudi kutoka chuo cha Kurani, mtandio umemteleza, kitabu chini ya kwapa. Ana miaka minane na ana mwili wa miaka sita, na macho yake yana umanjano kidogo. "Shikamoo, Anti." Nikamwitikia marahaba. Alinitazama kuanzia viatu. "Wewe ndiye wa panya?"

"Ndiye mimi."

"Panya wangu yuko wapi?"

Nilimtazama Mkunga. "Usinitazame mimi," akasema. "Umeulizwa wewe."

"Alikufa," nikasema. "Walikuwa kadhaa, na wote walikufa. Tuliwaua sisi. Mimi nilikuwemo."

Mtoto hakulia. Alikunja uso kama anayepiga hesabu. "Kwa nini, na alikuwa amepona?"

"Ili tutazame ndani ya mfupa wake kama damu yako imekuwa nzuri. Haikuonekana kwa nje."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri sana. Niliiona kwa macho yangu."

"Aliumwa?"

"Hapana. Tulimlaza kwanza."

"Mimi huumwa hapa," akasema, na kuonyesha muundi wa mguu. "Na hapa." Akasogea karibu na nyanya yake kabla ya kuuliza tena. "Mkinitengeneza na mimi, mtaniua mtazame?"

Mungu anisamehe, sikuwahi kulifikiria hilo. Miaka sita nilihangaika na aibu yangu, na mtoto alikuwa analala na swali hili. "Hapana!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Hapana, mwanangu. Watu hawatazamwi hivyo. Mtu hutolewa damu kidogo mkononi, basi."

"Haya," akasema. Mabega yake yalishuka. "Lini?"

Hilo hapo. Lilikuwa neno lilelile, na mimi nilikuwa wima vilevile, na ulimi wangu, naapa, ulianza kwenda mahali pake pa zamani. Niliuzuia.

"Sijui," nikasema. "Nchi za mbali wameshaanza kuwapa watu tiba ya namna hiyo, wachache. Hapa kwetu sijui lini itafika. Na ikifika, sijui kama itakukuta wewe. Niliyemwambia nyanya yako karibuni ni mimi, na nilisema uongo. Sijui."

Mtoto alimtazama nyanya yake, aone kama hilo ni jibu. Mkunga alikuwa amefumba macho. Alivuta pumzi ndefu, ile aliyokuwa akiwaambia wanawake waivute mtoto akishatoka, kisha akafumbua, akanyoosha fimbo, akakisukuma kigoda mpaka kikanigusa miguu.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Chai yaja."

Nikakaa.